Vipimo Havikuruhusu

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kilo mia moja arobaini na moja siku daktari wa figo alipomtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akafunga faili, akasema, "Huyu hatuwezi kumgusa. Apungue kwanza afike tisini. Akishindwa, tusidanganyane."

Nilikuwa nimekaa kati yao, mkono wangu wa kushoto umefungwa bendeji. Mishipa ya mkono huo ilikuwa imeziba, na ya kulia ilikuwa njiani kuifuata. Mara tatu kwa wiki nilikaa kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne kila mara, na daktari alikwishanieleza bila kupaka mafuta: mishipa ikiisha, mashine haitakuwa na pa kuingilia. Baba alikufa kwa maradhi hayo hayo, na mama alikuwa amemtangulia. Mume wangu aliondoka mwaka wa pili wa mashine. Mtoto sina. Duniani nilibaki na mtu mmoja wa kunipa figo, ambaye damu yake ilikubaliana na yangu, na mtu huyo hakuenea kwenye kiti cha daktari.

Wote walimwita Bonge. Alikuwa fundi wa tanuri kwenye bekari, na wenzake walimtania kwamba akikaa kwenye benchi, wa upande wa pili anapaa. Unene wake kama ni kosa, kosa ni langu. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi ishirini. Sikujua kubembeleza. Mdomo wangu haujawahi kuwa mtamu, hata wanaonipenda wanalijua hilo. Nilichojua ni kupakua. Akilia, nampakulia. Akirudi kapigwa shuleni, nampakulia. "Umekula?" lilikuwa neno langu la kwanza akiingia mlangoni, na kwa miaka mingi sikuwa na la pili.

Wiki moja baada ya kukataliwa alikuja kwangu, akapumzika mara tatu kwenye ngazi, akaingia akihema.

"Wanikate," akasema. "Kuna upasuaji wa kupunguza tumbo. Nimeshauliza."

"Umemuuliza nani? Lini? Wamekwambia ukifa je?"

"Dada, unataka figo au unataka mahojiano?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikumwambia asante. Niliiweka akiba, nikidhani asante kubwa inangoja jambo kubwa.

Walimkata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo kupitia matundu matano madogo, akaja kuuguzwa nyumbani kwangu. Wiki za mwanzo chakula chake kilikuwa supu iliyochujwa, vijiko vitatu, kisha dakika kumi za kungoja. Maji yake ayanywe kando, si pamoja na chakula. Mimi kwa upande wangu niliruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku nzima. Tulikaa mezani, yeye na kijiko chake, mimi na kikombe changu, tukitazamana.

"Tazama nyumba ya matajiri," alisema. "Chakula kinabaki."

Wiki ya tatu mzaha uliisha. Nilimkuta jikoni ameshika ganda la mkate puani, analia kama ametoka kuzika. Hakuwa na njaa, alisema, njaa yenyewe ilikuwa imekatwa. Alichokosa ni mahali pa kwenda akiwa na huzuni. Nilimnyang'anya lile ganda. Mgonjwa haulizwi uji, nilijiambia, na huyu haulizwi mkate.

Aliporudi kazini alisahau. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akivunja mkate wa kwanza wa kila tanuri na kuuonja. Siku hiyo tonge moja lilimkwama kifuani, akatapika kwenye mfereji nyuma ya bekari, wenzake wakimwangalia. Tangu hapo akawa anaugeuza mkate, anaugonga chini kwa kidole na kusikiliza kama umeiva. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kama alikuwa ameutema wote.

Nilikuwa nimekuwa askari jela, lazima niseme ukweli. Alipohamia tena chumbani kwake nilinunua mizani, nikaiweka jikoni chini ya kalenda. Kila Jumapili alikuja akitoka kazini, akavua viatu, akapanda. Niliandika kilo kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Sikuuliza tena kama amekula, niliuliza amekula nini, na nilimnusa mdomo. Nilipekua mfuko wake. Mara moja nilikuta pakiti ya biskuti zilizovunjika, nikaimwaga chooni mbele ya macho yake, mwanamume wa miaka thelathini na sita.

"Hiyo ni figo yangu unayoichezea!" nilimwambia.

"Ndiyo, dada," akasema.

Muuguzi mkuu wa kitengo cha mashine, mama mmoja mpole anayejua siri zetu zote, alinisikia siku nyingine nikimfokea kwenye simu. Aliniambia, "Mama, figo haiombwi kwa fimbo. Hiari yashinda utumwa." Nikamwambia aangalie sindano zake.

Kilo ziliporomoka. Mia na ishirini, mia na tisa, mia. Nywele zilimtoka kwa mafungu, ngozi ya tumbo ikaning'inia kama pazia lililolowa, akawa anaikunja na kuipachika ndani ya suruali. Suruali yenyewe ilipunguzwa mara tatu na mwanamke mmoja mshonaji, jirani na bekari. Mara ya kwanza alimpima bila kumtazama. Mara ya tatu alimtazama, na Bonge akakaa kwake tangu saa nane hadi kufunga duka, na suruali ilikuwa imekwisha tangu saa tisa. Hakuwahi kutazamwa namna hiyo, mdogo wangu. Watu walikuwa wanamtazama wapate kucheka.

Jumapili moja alipanda ngazi zangu zote bila kusimama. Aliingia uso unang'aa.

"Dada, jana nimekimbia."

"Nani alikufukuza?"

"Hakuna. Nimekimbia tu, kutoka bekari mpaka kituoni. Yaani, nina miaka thelathini na sita na ndiyo kwanza nimepewa mwili wangu."

Mizani ilikuwa inasoma tisini na nne. "Bado kilo nne," nikamwambia, nikachukua kalamu nyekundu.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Kabla ya kuugua nilikuwa karani wa chumba cha mafaili katika hospitali hiyo hiyo, miaka kumi na tisa. Najua mambo ambayo wagonjwa hawaambiwi. Mtu anayetaka kutoa figo huingizwa kwa daktari peke yake, mlango unafungwa, ndugu wanabaki nje. Humo huulizwa kama amelazimishwa, kama anaogopa, kama kweli anataka. Akisema hataki, daktari hamwaibishi. Hutoka na kuwaambia ndugu kwamba vipimo havikuruhusu, basi, haongezi neno. Ikiwa kweli kuna ugonjwa, ugonjwa una jina, na daktari hulitaja waziwazi kwa sababu mtoaji naye itabidi atibiwe: jiwe, sukari, presha. Nimeyapanga mafaili ya aina zote mbili kwa mikono yangu. Mwaka mmoja nilimwona mama mmoja akienda zake akimshukuru Mungu kwamba angalau vipimo vimegundua mapema, na mwanawe nyuma yake hawezi kuinua kichwa.

Bonge alifika themanini na tisa. Siku ya mahojiano ya mwisho alivaa shati jipya, mshonaji ndiye aliyelishona. Nilimnyoosha kola. Alinigeukia mlangoni.

"Dada..."

"Ingia, daktari anangoja."

Mlango ukafungwa. Kwa kawaida huchukua dakika ishirini. Zilipofika arobaini nikaanza kumwomba Mungu kwa heshima ambayo sikuwa nayo siku zote. Baada ya saa nzima daktari alitoka, akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Pole sana, mama. Vipimo havikuruhusu."

Nikangoja aongeze jina la ugonjwa. Nilitamani, Mungu anisamehe, nilitamani mdogo wangu awe na ugonjwa. Daktari alinishika bega, akaondoka.

Bonge alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi, midomo ikichezacheza kama mtoto aliyekariri somo. Alikuwa ameandaa jibu. Alikuwa anangoja nimuulize kipimo gani, kwa sababu hakuna kitu maishani mwake ambacho sijawahi kukiuliza. Asante ya punda ni mateke, hilo ndilo lililonijia mdomoni, na lilikuwa na ladha ya damu. Ningeweza kupiga kelele ukumbi mzima ujae. Niliogopa kufa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na aliyekuwa na njia ya kuniokoa amesimama hatua nne kutoka kwangu, amevaa shati jipya. Kisha nikakumbuka uso wake Jumapili ile ya kukimbia, na nilichomjibu.

Nikachukua mkoba wangu nikainuka. Sikuuliza kitu.

Tulishuka ngazi. Alinipokea mkoba. Ngazi za pili akasimama.

"Dada, huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Kipimo gani."

"Nimefanya kazi humu miaka kumi na tisa," nikamwambia.

Alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa zile karatasi, na mabega yakaanza kutikisika. Watu walitupita, wakidhani tumefiwa. Nilikaa kando yake. Zamani tusingeenea sote wawili kwenye ngazi moja.

"Nilitaka," alisema. "Wallahi nilitaka. Nimeingia nikiwa nataka. Akaniuliza, wewe na dada yako mkikaa pamoja huwa mnazungumza nini? Nikatafuta jibu, dada. Nikatafuta, nikatafuta. Nikakuta kilo tu."

Nilitaka kumwambia asante ile niliyoiweka akiba mwaka mzima, na ile nyingine ya zamani zaidi, ya kunipa mtu wa kumpakulia. Lililotoka ni lile la siku zote.

"Umekula?"

Alitikisa kichwa, hapana.

Ndani ya mkoba nilikuwa na yai la kuchemsha, la kula nikiwa kwenye mashine. Nililimenya, nikalikata vipande vidogo kwa kucha, nikamwekea kiganjani kimoja kimoja. Alitafuna polepole kama alivyofundishwa. Nusu ilimshinda, nikaila mimi.

Ilipofika saa nane akanisindikiza kwenye mashine, akavuta kiti, akakaa. Muuguzi mkuu akaushika mkono wangu wa kulia, akaupapasa, akafunga mpira, akaanza kutafuta mshipa. Alitafuta kwa muda mrefu.