Angèle Hakupanda Ndege

Masika alifungua kibanda chake cha vitenge pale mtaani Mapendo akiwa na furaha ya mama wa bibi harusi. Binti yake Angèle, anayeishi Bruxelles, alikuwa anakwenda Montréal kuolewa na Guylain, kijana wa Butembo. Masika aliamini kwamba ndege imekwisha kutua, akampigia mkwewe simu.

"Guylain, bibi yako amefika salama?"

"Bado, mama. Iko mu bateau."

"Bateau gani?"

Ndipo Guylain alipotambua kuwa Angèle hakumwambia mama yake.

"Ni meli ya mizigo, mama. Ilitoka bandari ya Anvers. Inabebaka konteneri, lakini inapokea na wasafiri wachache. Katikati ya bahari hakuna réseau ya simu, usiogope."

Masika aliketi juu ya marobota ya vitenge. Maji aliyoyajua ni ya Ziwa Kivu, na hata ziwa hilo limekwisha kumeza watu aliowafahamu. Alijaribu kuwaza maji yasiyo na kisiwa kama Idjwi, yasiyo na mlima wowote ng'ambo, akashindwa.

Majirani walipita kumpa pole kama kwenye matanga. "Mutoto wangu hajakufa!" aliwafokea.

Jumapili, baada ya misa, shemeji yake Kakule alikuwa mezani anakula fufu wakati simu ilipolia. Namba ilikuwa ngeni.

"Mama, ni miye. Commandant wa meli amenipa simu yake ya satelaiti kidogo."

"Angèle! Nani amekuroga uache ndege?"

"Siwezi kupanda ndege, mama. Kuja Ulaya nilipanda, nikazimia, wakanishusha kwa kiti cha magurudumu. Nikaapa sitarudia."

"Woga gani huo? Watu wote wanapanda!"

Mashine za meli zilisikika zikinguruma. Kisha Angèle akasema, "Siku ile ndege ilianguka Birere, nilikuwa pale."

"Ulikuwa ku masomo."

"Nilitoroka, nikaenda kwa papa."

Mumewe Masika, Damien, alikuwa fundi wa redio katika mtaa wa Birere. Masika aliambiwa kuwa ndege ilimkuta amekaa kazini, akafa papo hapo bila kuteseka. Neno hilo ndilo lililokuwa likimpa usingizi miaka yote.

"Papa alikuwa inje, mama. Muzima. Alikuwa amemutoa mutoto wa jirani, akamuweka karibu yangu. Akaniambia, 'Simama hapa, narudia sasa hivi.' Akaingia tena mu moto. Nilisimama, mama. Nilisimama mpaka baba mudogo akakuja kunibeba."

Simu ikakatika.

Masika alibaki ameishikilia sikioni. Kisha akamgeukia Kakule, maana baba mdogo wa Angèle ni yeye.

"Ulijua?"

Kakule aliacha kula. "Ulikuwa na mimba ya mudogo wa Angèle, Alliance. Tulisema ukisikia alirudia mu moto kwa mapenzi yake, mimba itatoka. Tukamukataza mutoto asiseme."

"Na kisha? Alliance iko na examen d'État ya kumaliza sekondari mwaka huu, Kakule!"

Kakule akachukua kofia yake, akaondoka.

Masika alitoka uani, akasimama juu ya mawe meusi ya volkano. Inje. Muzima. Kwanza alimkasirikia Damien, mtu aliyekuwa na miguu miwili nje ya moto akairudisha ndani. Halafu akamwona Angèle mdogo, sare ya shule imejaa majivu, amesimama pale alipoambiwa asimame. Baada ya msiba mtoto yule alikaa wiki nyingi hasemi neno, na Masika alimchapa akidhani ni ukaidi. Aliziba mdomo kwa kitenge, lakini kilio hakikutoka.

Meli ilifika Montréal siku ya mvua. Angèle alipiga simu ya video palepale bandarini, Guylain pembeni amemfunika kwa mwavuli. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa anatabasamu.

"Niambie tena habari ya papa yako," Masika alisema. "Yote. Alivaa nini, uso wake ulikuwa namna gani."

"Mama, sasa hivi? Tuko mu mvua."

"Sasa hivi."

Angèle akaanza kusimulia. Katikati ya maneno, Kakule alibisha hodi, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Masika hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Aliongeza sauti ya simu, ili na yeye asikie.