Mita ya Maji ya Baba

Baba yao alikutwa amefariki kitandani siku ya Jumapili. Aliyemkuta ni jirani aliyekuwa na ufunguo wa akiba. Daktari alisema mzee alikuwa amekufa siku kadhaa nyuma; zaidi ya hapo hakuweza kusema. Wakazika. Wiki mbili baadaye shangazi yao akaja na swali lililomnyima raha: jiwe la kaburi litaandikwa tarehe gani?

"Kaka yangu hakuwa kuku, afe siku isiyojulikana," alisema. "Nyie mmesoma. Nitafutieni siku."

Watoto walikuwa wawili, na macho yote yakamwangukia binti. Aliandika programu za kompyuta katika kampuni ya maji, na kazini walimwita Mama Mita. Mita zote za mji zilituma vipimo vyake kwenye jedwali moja kubwa lililowekwa kwenye kompyuta za mbali, huko wanakokuita wingu, na yeye ndiye aliyejua kuvitoa. Mita ya baba yake ilikuwemo. Mzee alipenda kumtania: "Siku hizi hata kupiga mswaki naona aibu, binti yangu ananihesabia."

Mkuu wa kitengo alisoma barua ya familia, akatia sahihi. "Pole sana, dada. Toa rekodi za nyumba hiyo tu."

Saa tano asubuhi akaketi mezani kwake, wenzake wakipiga soga kando. Akaandika mistari michache: jina la jedwali, namba ya mita, kuanzia tarehe mosi hadi Jumapili ile. Vidole viliijua kazi. Moyo ndio uliokuwa mgeni. Mita zile hutuma rekodi pale tu maji yanapopita, ili betri isiishe upesi. Kwa hiyo rekodi ya mwisho ndiyo ingekuwa mara ya mwisho mzee kufungua bomba.

Ilikuwa Jumanne, saa sita na robo mchana.

Akashusha pumzi, kisha akaona haya kwa kushusha pumzi. Jumanne ile, saa nne asubuhi, baba alimpigia mara mbili. Yeye alikuwa kikaoni, akatuma ujumbe: nitakupigia. Hakupiga. Tangu msiba jambo hilo halikumtoka akilini. Sasa jedwali lilimwambia kwamba hata angepiga jioni yake, simu ingeita tu.

Akampigia kaka yake, dereva wa malori.

"Kaka, ni Jumanne. Mchana."

"Una hakika?"

"Iko hapa mbele yangu."

"Basi Jumanne," kaka akasema haraka haraka. "Mwambie shangazi, yaishe."

Alipokuwa anahifadhi faili ndipo akaiona idadi. Rekodi mia moja. Si tisini na saba, si mia na tatu. Mia kamili. Kila mwaka aliwafundisha waajiriwa wapya wa kitengo jambo hilohilo: jedwali halitoi vyote kwa mkupuo. Hutoa mia, likaacha alama kwamba vingine vipo, na asiyeomba tena hapewi. Yeye, mwalimu wao, hakuomba tena.

Akaomba.

Zikaja kumi na moja. Mbili za Jumanne, nne za Jumatano, nne za Alhamisi. Hapakuwa na ndoo ya kuoga wala sufuria ya kupikia. Robo lita. Theluthi ya lita. Robo tena. Vikombe. Mtu aliyejiinua kitandani, akajikokota hadi jikoni, akanywa, akarudi kulala. Ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi.

Akaenda msalani, akafungua bomba ili wenzake wasimsikie. Alipoyaona maji yanavyokwenda bure, akalifunga, akalia hivyohivyo.

Jioni alimkuta kaka yake uani, anasugua viatu vya kazi.

"Kaka, nilikosea. Si Jumanne. Ni Ijumaa."

Kaka hakushtuka. Aliendelea kusugua kiatu ambacho tayari kilikuwa safi.

"Ulijua," akasema dada.

"Alhamisi alinipigia, nikapokea. Sikusikia neno, nilisikia pumzi tu. Nikamwambia, baba, mtandao mbovu, nikifika nitakupigia. Nikakata." Akaweka kiatu chini. "Ulipotaja Jumanne, mdogo wangu, nilitaka sana iwe Jumanne."

Dada alikuwa amekuja na maneno makali, lakini sasa hakuyaona tena. "Hata mimi," akasema, na ndipo akamweleza kuhusu zile simu mbili za saa nne.

Kesho yake wakaenda pamoja kwa shangazi, wakampa siku.

"Ijumaa," shangazi akarudia. "Aliteseka?"

"Alikuwa na kiu, shangazi," dada akajibu. "Alikuwa anaamka kunywa maji."

"Siku zote hizo? Na simu alikuwa nayo?"

"Alitupigia," akasema kaka. "Wote wawili."

Shangazi hakuwalaani, wala hakuwapoza. Aliandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara mbili, akasema yeye mwenyewe atampelekea fundi wa mawe. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, nao wakabaki sebuleni wakimsikia akimwita kaka yake kwa jina la utotoni.