Buni Zilizolowa Mwambani

Kosa la Semeni, kwa macho ya Mama Costansia, lilikuwa moja tu: uvivu.

Mama alikuwa ametoka Nyaishozi, Karagwe, akaacha maharage hayajapandwa, akasota barabarani mpaka pwani ya Tanga ili amwone binti ambaye mwanawe Projest, fundi wa kiwanda cha katani, alitaka kumwoa. Projest alikuwa anangoja neno lake. Na neno lilikuwa tayari: hapana. Binti gani huyu, leo anakwenda kuvua pweza asubuhi, kesho karibu na mchana, siku nyingine haendi kabisa, na akirudi jua bado kali anajilaza mkekani? Nyaishozi, mwanamke anayetoka shambani saa hizo huulizwa kama anaumwa.

Wiki nzima yeye na Semeni walikuwa nyumba jirani, na wiki nzima mama alitafuna buni zake za kahawa peke yake. Kule kwao buni zilizochemshwa na kukaushwa hupewa mgeni hata kabla hajaulizwa shida yake, na kumnyima mtu ni kumwambia aende zake. Semeni hakulijua hilo. Aliendelea kumwamkia shikamoo kwa furaha, jambo lililozidi kumuudhi mama.

Siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, Oktoba ya mwaka themanini na sita, bahari imetulia na pweza wamejaa, mama alijifunga kanga, akafunga buni chache kwenye pindo, akamfuata Semeni mwambani. Neno kama lile halisemwi uani, bibi yake binti akisikiliza.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Wanawake walikuwa wameinama kila upande, mgongo juu, mithili ya msimu wa kupalilia.

"Semeni, mwanangu, nina neno."

"Nishikie hii, mama." Akamkabidhi kapu lenye pweza na kuichomeka nondo yake kwenye shimo jingine.

Mama alijaribu tena. Mara ya tatu alikatizwa na macho yake mwenyewe. Kando ya jiwe kulikuwa na kilundo cha magamba ya kaa, mapya, yamesukumwa nje ya shimo. Nani asiyekijua kilundo kama hicho? Ndivyo fuko anavyotupa udongo migombani! Akachokoa kwa kijiti. Mkono laini ulichomoka, ukamzonga mpaka kwenye kiwiko.

"Mama yangu weee! Semeni! Ananila!"

Semeni alikuja mbio, akambandua pweza, akampindua kichwa kama soksi, kisha akacheka mpaka akakaa majini. Mama naye akacheka, hataki anataka.

Neno likasahaulika. Mama alitoka kilundo hadi kilundo, kanga imepanda magotini.

"Mama, twende," Semeni aliita.

"Twende wapi? Jua bado."

"Si jua, mama. Maji."

"Nimalize upande huu."

Kwao kazi haiachwi nusu. Alipokuja kunyoosha mgongo, mwamba haukuonekana tena na maji yalikuwa kiunoni. Wenzao wote walishafika nchi kavu. Aliyekuwa amerudi kumfuata ni Semeni peke yake, kapu kichwani, mkono umenyooshwa.

"Hapa hatupangi sisi," Semeni alisema akihema, huku akimvuta. "Maji yakisema basi, ni basi. Usiku yanakupwa tena. Nikifika nalala kidogo, nirudi na taa ya karabai."

Mama alikumbuka ule mkeka, na aibu ikamwingia hasa.

Walijibwaga mchangani, wamelowa chepechepe.

"Ulikuwa na neno, mama."

Mama Costansia alifungua pindo la kanga. Buni zilikuwa zimevimba kwa maji. Akazikusanya zote, akampa kwa mikono miwili.

Semeni alitafuna, akakunja uso. "Zina chumvi!"

"Hizi zimeharibika," alisema mama. "Za nyumbani hazina chumvi. Utazionja Projest akikuleta."