Maswali Matatu kwa Siku

"Umenifungia! Mlango kwa mlango, choo tunachangia, halafu unanifungia nje kama mwizi!"

"Sikukufungia mimi, dada. Roboti ya grupu ndiyo iliyokufungia."

"Na hiyo roboti kaizaa nani?"

Mteja wangu alicheka mpaka kichwa kikanichomoka mikononi. Mimi ni msusi. Chumba changu kiko katikati yao: kushoto fundi simu, kulia mshonaji, na kuta zetu ni mbao tupu. Kwa hiyo sisikilizi, nasikia. Nikaacha msuko njiani, nikatoka koridoni. Mteja naye huyo nyuma yangu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

Kisa chenyewe ni hiki. Fundi ana grupu la mtandaoni, watu elfu kumi na nne, la kusaidiana matatizo ya simu. Bure. Tangu lijae, kumpigia hapokei, ukimkuta njiani anakwambia, "Andika kwenye grupu." Basi asubuhi simu ya mshonaji iliganda, na fundi alikuwa ametoka kufuata vioo vya simu. Mama wa watu akachukua simu ya binti yake, akaandika kwenye grupu: simu imeganda, nifanyeje? Wakamjibu, bonyeza cha kuwashia pamoja na cha sauti. Cha sauti cha juu au cha chini? Cha juu. Nishikilie mpaka lini? Mpaka itokee orodha.

Orodha ikatokea. Akaandika: "Hapa panasema futa kila kitu. Nikubali?"

Hilo lilikuwa swali la nne. Mgeni anaruhusiwa matatu kwa siku; la nne, roboti inamfungia siku saba. Mshonaji alikaa dakika kumi anatazama ukurasa usiojibu. Akaona, walionifikisha hapa si ndiko walikokuwa wananipeleka? Akakubali.

Simu ikawaka, nyeupe kama sahani iliyooshwa. Vipimo vya wanakwaya ishirini na sita, vyote vimekwenda. Sare zinatakiwa Jumamosi asubuhi, na siku hiyo ni Alhamisi. Kiongozi wa kwaya alishasema, zikichelewa hata saa moja, kazi zote za mwaka mzima anampelekea mshonaji mwingine.

"Kwani hukuandika kwenye daftari?" fundi akauliza.

Heri angenyamaza.

"Daftari! Nani aliniambia, 'Dada, daftari ni mambo ya kizamani, weka kwenye simu'? Nani, kama si wewe, umesimama hapo hapo unakula karanga zangu?"

Mteja wangu akasema, "Hata mimi nilikuwepo."

Fundi naye akalipuka. "Mnajua mimi naamka na nini? Jumbe mia sita! 'Simu yangu haiwaki.' Simu gani? Kimya. Imeanguka? Imeingia maji? Kimya. Dakika tano sijajibu, natukanwa mpaka bibi yangu kaburini! Na silipwi! Nimeandika bandiko, nimeliweka juu kabisa, kila kitu kimo. Hamsomi!"

"Lisome wewe," mshonaji akasema. "Hapa hapa. Kwa sauti."

Akalisoma. Lina vipengele arobaini na kimoja. Usiulize kilichokwisha kuulizwa. Usitume sauti. Usiandike kwa herufi kubwa. Usimfuate msimamizi pembeni. Kufika cha ishirini sauti ilikuwa inamshuka. Alipomaliza, mshonaji akauliza, "Wapi umesema usifute?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Ningejua, ningeuliza?"

Fundi akaichukua ile simu, akaiunganisha na kompyuta yake, akahangaika nayo saa nzima na mlango wazi. Alitoka na shati limemganda mgongoni. "Havimo, dada. Nimejaribu yote."

Mshonaji hakulia. Alivua tepu ya kupimia shingoni, akamtupia kifuani. "Kwaya wanafanya mazoezi saa kumi, ukumbini. Nenda kawapime wote. Mimi na cherehani tunaanza kola, hatuna nafasi ya kutembea."

"Mimi? Sijui kupima!"

"Utauliza."

Akaenda. Tukaweka simu yangu mezani kwa mshonaji, sauti juu. Ndani ya robo saa alikuwa amepiga mara tano. Kifua napima juu ya shati au chini? Mkono unaanzia wapi? Hips ndiyo hizi nyonga, na huyu mama ataniruhusu? Mara ya sita mshonaji akapaza sauti: "Nimeshakwambia! Kichwa chako kimejaa nini?"

Baada ya hapo akawa hapigi tena kuuliza. Alipiga kusoma namba tu. "Wa kwanza, kifua thelathini na sita. Wa pili, kifua tisini na moja."

Cherehani ikanyamaza.

"Huyo ni mtu au tangi la maji?"

"Ndivyo tepu inavyosema."

Alikuwa ameigeuza. Upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita, naye hakujua.

"Uliona namba imeruka hivyo, hukuuliza kwa nini?"

"Ulinifokea, dada. Nikaogopa."

Mshonaji akasonya, sonyo refu la kumaliza pumzi. "Uliza. Hata mara mia, uliza. Nitakutukana na nitakujibu. Kitambaa nikishakikata hakirudi."

Jua linazama, akarudi na karatasi mbili, sauti imemkauka. Mshonaji akapitia mstari kwa mstari, chaki mdomoni. Mitatu akaipinga, fundi akawapigia wenyewe, wakahakikisha. Ishirini na sita, kamili.

"Nimeondoa ile kanuni ya matatu," fundi akasema, bado kasimama kizingitini. "Na bandiko nimelifuta. Nimebakiza mistari miwili: taja aina ya simu yako, na usifute chochote kabla mtu hajakujibu."

"Leo wameuliza wangapi?"

"Mia saba na kitu."

"Watakutoa roho."

"Wameshaanza."

"Vizuri. Na mimi sijakusamehe, usije ukajidanganya. Jumamosi zikichelewa, utanitambua." Akafunika cherehani, akasukuma kiti kwa mguu kuelekea mezani. "Tangu asubuhi umekula nini, wewe? Nawa mikono, ingia ule."