Watoto Wasio na Shangazi

Jumatatu saa tatu asubuhi mpiga chapa wa ofisi ya barabara alikuwa anamjibu mtu aliyelalamikia shimo mbele ya duka lake. Aliandika kwamba malalamiko yamepokelewa na yanashughulikiwa, kama alivyowaandikia watu wenye mashimo kwa miaka kumi na sita, akachomoa karatasi kwenye mashine, akaipuliza ingawa haikuwa na kitu cha kukauka. Ndipo wifi yake akamwekea mezani orodha ya vifaa vya ofisi, kurasa nne za mwandiko wa mkono, ichapwe kabla ya chakula cha mchana.

Wifi huyo alikuwa karani wa masijala, chumba hicho hicho, meza ya pili. Aliolewa na kaka wa mpiga chapa, na kaka alipofariki kwa ugonjwa wa figo, mpiga chapa ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha kupanga mafaili, akamfundisha hata kukandamiza kalamu ili maandishi yafike nakala ya tatu. Ofisi nzima iliwatania. Mawifi gani hawa wasiogombana, watu walisema, mnatuharibia mila. Wenyewe walicheka na kuendelea kula kwenye bakuli moja. Watoto wawili wa marehemu walilala kwa shangazi yao siku nyingi kuliko walivyolala kwao.

Orodha ilikuwa ya kawaida. Makabati ya chuma, sita, mawili hayafungi. Feni, tatu, moja mbovu. Ukurasa wa tatu, kati ya ngazi ya mbao na benchi la wageni, paliandikwa: mpiga chapa, mmoja, hali nzuri. Alisoma mara mbili, kisha akachapa kama ilivyo. Tangu aanze kazi hakuwahi kuchapa kitu tofauti na alichopewa, na ofisini aliheshimika kwa hilo.

Sababu yenyewe ilijulikana. Mwezi mmoja nyuma redio ilikuwa imeanza kuwaita watu wa ukoo wake Mabaki. Mwanzo ilikuwa kwenye taarifa ya habari tu, baadaye hata msoma hali ya hewa alisema kutakuwa na manyunyu na Mabaki wasikusanyike. Kisha ukaja waraka. Mabaki wasiajiriwe tena kama watu. Lakini waraka, ambao bila shaka uliandikwa na watu wenye huruma zao, uliruhusu kila ofisi ibakize kile isichoweza kufanya kazi bila hicho, mradi kiorodheshwe pamoja na vifaa vingine.

"Ni karatasi tu," bosi alimwambia. "Wewe ni mtu wetu."

"Nimekuandika kwa mkono wangu, wifi," wifi yake alisema. "Niliona bora ubaki na sisi kuliko kupakiwa kwenye malori kama Mabaki wengine."

Mpiga chapa alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Hakujiuliza bosi aliujuaje ukoo wake, ilhali hakuwahi kuutaja pale ofisini hata siku moja. Alishukuru kwa moyo wote, na jambo hilo lazima lisemwe hapa, maana baadaye lilimuuma kuliko mengine yote.

Mtunza stoo alikuja kesho yake na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Viti aliviandika namba chini ya kikalio, meza chini ya ubao. Alipofika kwa mpiga chapa alisita kwa adabu.

"Dada, inatakiwa pasipoonekana na wageni."

"Unyayo unafaa?"

"Unafaa kabisa."

Alivua kiatu akanyanyua mguu, akaona aibu, kwa sababu kisigino kilikuwa kimepasuka na asubuhi hiyo hakukipaka mafuta. Mtunza stoo akaandika 214, akapuliza, akamwomba asikanyage kwa dakika kumi. Alichapa barua tatu akiwa na mguu mmoja hewani.

Saa kumi na moja mlinzi wa getini alimzuia. Walikuwa wamezoeana, mlinzi alimjua hadi mama yake.

"Unisamehe, dada yangu. Mali ya ofisi haitoki bila kibali."

"Kibali anasaini nani?"

"Bosi. Na bosi ameshaondoka."

Akarudi ndani. Asubuhi bosi alimfafanulia kwamba kibali hutolewa kwa kifaa kinachokwenda kutengenezwa, na yeye, Mungu ashukuriwe, hakuwa ameharibika. Hata hivyo palikuwa na njia. Stoo kulikuwa na fomu ya kuondoa kifaa kwenye orodha, na miongoni mwa sababu nne za kuondoa, ya mwisho ilikuwa kwamba kimeorodheshwa kwa makosa. Fomu ilitaka saini ya mtumishi mmoja asiye Mabaki, aliyemfahamu kwa miaka kumi au zaidi, athibitishe kwamba ni mtu. Irudishwe ndani ya siku thelathini. Bosi mwenyewe alikuwa na miaka tisa tu, akasikitika sana kwa huo mmoja uliopungua. Mtunza stoo hangeweza kutoa ushahidi dhidi ya namba aliyoipaka kwa mkono wake. Wengine, hata mlinzi, hawakufikisha miaka kumi. Alibaki wifi.

"Lete, wifi, hilo si la kuuliza," wifi alisema, akaikunja fomu mara nne na kuitia mkobani. "Niache nipumue kidogo, nitasaini kesho."

Kesho ikawa keshokutwa. Mpiga chapa hakutaka kumsumbua. Watoto wa kaka walikuwa wamesimamishwa shule, kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa baba, na wifi alishinda akizunguka maofisi kufuatilia kadi zao. Mtu mwenye mzigo kama huo hasukumwi.

Wiki ya pili njaa ilimwisha. Vumbi lilianza kumtulia mabegani, na watu wakaanza kumwekea mafaili. Kwanza walimwomba samahani na kungoja ajibu, halafu wakasema samahani huku wakigeuka, halafu wakaacha. Mhudumu wa usafi alipopita na kitambaa chenye maji alimfuta pamoja na madirisha, shingo, mikono na nyuma ya masikio. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu aguswe na mtu mara ya mwisho. Alitamani mhudumu akosee, arudie.

Magoti yalikataa kukunjika siku ya Jumatano. Mgongo ulilala, ukapanuka na kupata rangi ya mbao iliyopigwa msasa, na mikono ilipofika sakafuni akawa na miguu minne. Hakuna aliyelizungumzia sana, kwa kuwa ofisi ilikuwa na uhaba wa meza tangu mwaka juzi. Bosi aliridhika. Walimsogeza karibu na makabati ya masijala, mashine yake ya kuchapia wakampa wifi.

Yeye mwenyewe alibadilika katika mambo madogo. Aliacha kusema mimi. Mtu akimgonga kwa nyonga, yeye ndiye aliyeomba radhi. Simu iliita mchana mmoja watu wakiwa wametoka kula. Akaisukuma kwa kidole kimoja kilichokuwa bado hakijaingia kwenye mbao, na sauti ikauliza inaongea na nani.

"Hapa hakuna mtu," alijibu kwa heshima. "Piga baada ya saa nane."

Alipokata simu alijisikia ametoa taarifa sahihi.

Mama yake alikuja kila Ijumaa na kontena la chakula.

"Mwanangu yumo humu," alimwambia mlinzi.

"Mama, kwa mujibu wa daftari, humu kuna vifaa tu."

"Haya. Basi kipelekee kifaa changu chakula hiki, na ukiambie mama yake amekuja."

Mlinzi alipeleka, tena kwa mikono miwili. Chakula kilikaa juu ya mpiga chapa mpaka kikapoa, harufu ikamwingia taratibu, na hiyo ikamtosha. Ijumaa ya nne mama hakuonekana. Malori yalikuwa yamepita mtaani kwake siku ya Jumanne. Mlinzi aliliosha kontena la wiki iliyopita akaliweka dirishani, asijue amrudishie nani.

Siku ya ishirini na tisa, baada ya chai, wifi aliketi mbele yake na karatasi nyeupe tatu zilizopachikwa kaboni. Mpiga chapa akajua fomu imefika zamu yake, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa hata mbao zikalia. Wifi akaanza kuandika. Alikandamiza kalamu kama alivyofundishwa, kila herufi ikapita karatasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, ikamfika mpiga chapa mgongoni. Alizisoma kwa ngozi, au kwa kile kilichokuwa ngozi. Hakuna aliyeujua mwandiko huo kuliko yeye.

Barua ilikwenda kwa ofisi ya kadi za watoto. Ilisema kwamba marehemu mume wa mwandishi hakuwa na dada. Kinachodaiwa kuwa dada yake ni mali ya ofisi ya barabara, namba 214, nakala ya orodha imeambatishwa. Na kwa kuwa meza haiwezi kuwa na kaka, marehemu hakuwa na undugu wowote na Mabaki, na watoto wake hawana shangazi. Aya ya pili ilikumbusha kwamba mwandishi ndiye aliyewajulisha wakuu ukoo wa mpiga chapa, kwa hiari yake, wiki moja kabla ya waraka kutoka, na ndiye aliyependekeza aingizwe kwenye orodha. Aliomba uaminifu huo uzingatiwe.

Kalamu ilipofika kwenye saini mpiga chapa aliita. Sauti ilikuwa bado imo, upande wa droo.

"Wifi."

"Usiongee, nitakosea."

"Hata wewe, wifi?"

Wifi aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mkavu. Macho yalimjaa machozi, na aliangalia mlangoni kwanza kabla ya kuyafuta.

"Ningefanyaje? Watoto wangekwenda na malori. Wewe usingeandika?"

Mpiga chapa aliwaza. Aliwafikiria wale watoto, jinsi wa kike anavyolala na soksi na wa kiume anavyong'ang'ania kusukwa kama dada yake. Angeandika. Angeiandika barua hiyo yeye mwenyewe, tena kwa mashine, bila kosa hata moja, akasaini kwa mikono miwili kwamba yeye ni meza. Kumbe angetoa. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba alinyang'anywa kitu ambacho angekitoa, na mnyang'anyi akakaa akipokea shukrani.

"Ungeniuliza tu," alisema.

"He, wifi! Tangu lini mtu akaiuliza meza?"

Aliisema kwa sauti yao ya zamani, ile ya utani, na kwa muda mfupi ilikuwa kama hakuna kilichotokea. Mpiga chapa alicheka. Alicheka kweli, droo ikatikisika na pini zikamwagika ndani. Wifi naye alicheka huku anajifuta pua, kisha akachukua kalamu akasaini, akatenganisha nakala, akaitia kaboni kwenye droo na kuifunga kwa nyonga. Siku ya thelathini ilipita. Fomu ilibaki mkobani, imekunjwa mara nne, na mpiga chapa hakuiulizia tena. Kila alipotaka kuiulizia alihisi ni jeuri, kifaa kudai karatasi.

Kadi za watoto zilitoka baada ya wiki mbili. Zilikuwa safi, zenye mhuri, na mahali pa ndugu wa upande wa baba paliandikwa hakuna. Bosi alimpongeza wifi mbele ya watumishi wote. Mkaguzi wa mali alipita mwishoni mwa mwezi, akamgonga 214 kwa vidole viwili, akasifu ubora wa mbao na kusema siku hizi hazipatikani.

Shule zilipofungwa, wifi alimleta binti yake ofisini, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwachia. Alimpa kiti, akamwonyesha pa kukaa, akaenda kwenye makabati ya masijala kutafuta faili. Mtoto alifungua daftari la hesabu juu ya meza, akafanya mbili, akachoka. Aliweka shavu juu ya mbao, akasikiliza, akalitoa, akalirudisha.

"Mama, hii meza ina joto."

"Ni jua," wifi alisema bila kugeuka. "Maliza hesabu zako."

Mtoto alitazama dirishani. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, na taa za ofisi zilikuwa zinawaka. Hakubisha, akajilaza hivyo hivyo, mkono mmoja umening'inia ukiushika mguu wa meza. Mpiga chapa alihisi pumzi yake na uzito wa kichwa alichokisuka mara nyingi. Alitafuta neno la kumwambia, akatafuta na jina ambalo mtoto alizoea kumwita, akakaribia kulipata. Kisha akafikiri kwamba mama wa mtoto ndiye anayejua zaidi, na kwamba itakuwa ni jua.