Neno Nyuma ya Kitambaa

Kazi yangu ni kupima masikio ya watoto, na chombo ninachokithamini kuliko mashine zote ni fremu ya kudarizia niliyoiwamba kitambaa cheusi. Kabla ya kutamka neno nafunika mdomo kwa fremu hiyo. Sauti inapita, midomo haionekani. Wazazi huniona nina maringo, na waone tu. Mtoto asiyesikia ni mwizi hodari: ataliiba neno usoni pako, nawe utaapa amelisikia.

Fundi mwashi alikuwa mmoja wa walioapa. Mkewe alifariki binti yao akiwa hajaota hata jino, akabaki kumlea peke yake. Mtoto tulimwita Kidoti kwa sababu ya alama iliyo shavuni mwake. Alizaliwa hasikii, tukamvalisha vifaa vya kusikilizia, na siku hiyo tulitaka kujua kama vinamsaidia. Fundi alisema hana haja ya vipimo. Kila jioni, saruji ikiwa bado kwenye kucha, humpakata Kidoti uso kwa uso akamfundisha neno moja tu, baba. Alichotaka duniani ni sauti yake imfikie mwanawe.

Basi nikamwacha aanze kwa mtindo wake, bila kitambaa. Akainama mbele ya kiti kidogo, akatamka baba, taratibu. Kidoti akamkazia macho mdomoni, kisha akajibu waziwazi.

"Mama."

Fundi akashika kamba za viatu vyake, akaanza kuzifunga ilhali hazikuwa zimefunguka.

"Dada, huyu anamtafuta mamake," akasema. "Mimi hanijui."

Mimi ni mkali, kila mtu hapa anajua, lakini pale ukali uliniisha. Nikamvuta hadi kwenye kioo kilicho juu ya sinki, nikamwambia atamke maneno yote mawili bila kutoa sauti. Midomo ikafumba na kufumbuka, mama, baba, yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mtoto alikuwa amesoma midomo sawasawa. Tulichokuwa hatujakijua ni kama alisikia chochote.

Daktari wetu mgeni, yule tunayemwita Masharubu, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema kwamba katika lugha yao, Kigeorgia, mama ni baba mzazi. Nikadhani ni mizaha yake ya kila siku. Akasisitiza kwamba amekua akimwita mama mwanamume mwenye ndevu mpaka kifuani, na kwamba katika Kihindi mama ni mjomba. Lugha hizo na Kiswahili hazina udugu, hata wa kuokoteza, na neno hili haziazimani. Wataalamu wengi, alisema, wanaona kwamba kila mahali mtoto mchanga alifumba midomo, akaifumbua, sauti ikatoka. Waliomwinamia ndio waliogombania inamwita nani.

Vinyweleo vilinisimama. Miaka yote nimefunika mdomo wangu nikijiona mlinzi wa maneno, kumbe neno kubwa kuliko yote tuliliokota kwa vibogoyo, kila taifa peke yake, na kila taifa likadhani limelitunga. Nilimtazama Kidoti akitafuna mkanda wa kiti, nikamwona mkubwa kuliko sisi sote tuliokuwa mle chumbani. Niliogopa kidogo, nasema kweli.

Kipimo kilikuwa bado. Nikamweka fundi nyuma ya kiti, nikampa fremu ajifunike, mtoto akigeuka asipate cha kuiba. Aliuliza kwa ishara aseme neno gani. Nikamwonyesha kwamba lolote litafaa. Akaishika fremu kwa mikono miwili, akaipandisha, akaishusha, mpaka nikaanza kuhisi ameghairi. Kisha akamwita kama baba yeyote anavyombembeleza bintiye.

"Njoo, mama."

Kidoti akaacha kutafuna. Akageuka pole pole, akatafuta uso, akakuta kitambaa cheusi. Masharubu alikuwa amejishika kifua, nami nilisahau kuandika. Mtoto akanyoosha mkono, akakivuta kitambaa chini, akamkuta babake analia.

"Mama," akamwambia.

"Naam," fundi akaitika.