Vinavyotazama Ukuta

Cha kwanza kuondoka kilikuwa toazi kubwa, ile sahani ya shaba kwenye drams za mume wangu. Nilikwenda kufagia chumba cha nyuma asubuhi nikalikuta limesimamishwa nyuma ya mlango, limegeuziwa ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu. Nilidhani limepasuka. Nikaligonga kwa ukucha, likaitika vizuri, sauti ndefu isiyotaka kuisha, na sijui kwa nini nililishika haraka kulinyamazisha.

"Limekukosea nini?" nilimuuliza mume wangu wakati wa chai.

"Halijanikosea. Nataka kujua kama naweza kupiga bila hilo."

Mume wangu ni mpiga drams. Kazi hiyo, pamoja na cherehani yangu, ndiyo iliyowakuza watoto wetu mpaka wakahamia kwao. Wenzake wa bendi wanamwita Saa. Mwimbaji anaweza kusahau maneno, mpiga gitaa anaweza kupanda jukwaani macho mekundu, lakini mapigo ya mume wangu hayakimbii wala hayachelewi. Tangu tuoane yeye hufanya mazoezi chumba cha nyuma, mimi hushona chumba cha mbele, na ukuta ulio kati yetu hauzuii hata chafya. Aliwahi kunitania kwamba mapigo yake ameyaiba kwenye mguu wangu, huu unaokanyaga cherehani. Nikamwambia basi ayarudishe, nina nguo za watu za kumaliza.

Siku chache kabla ya toazi kugeuzwa, daktari alikuwa ameona uvimbe tumboni mwangu, akatupangia tarehe ya upasuaji. Alikuwa daktari mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Nilipomuuliza kama nitapona, alizipanga kwanza kalamu zake mezani, kisha akasema watajitahidi. Njiani mume wangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Ndipo mpiga gitaa, ambaye ananiita shemeji na ana kipaji cha kutokea chakula kinapoiva, akamletea kitabu. Kilihusu wanafalsafa wa kale walioitwa Wastoiko. Mume wangu si msomaji. Alikisoma polepole, midomo ikimcheza. Akanieleza kwamba watu hao walifundisha kutenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako, na haya ya pili usiyalilie. Tena kila siku ukae ufikirie kwamba unachokipenda kimeshaondoka, ili siku kitakapoondoka kweli kisikukute umelala.

"Na drams zinaingiaje hapo?"

"Kijiti kikinivunjikia jukwaani, hilo si langu. Langu ni pigo linalofuata," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisomea mwenyewe.

Akaendelea kuondoa. Zilifuata ngoma mbili za juu, halafu ile kubwa ya kupigwa kwa mguu. Kila kilichoondolewa kilikwenda nyuma ya mlango ule, uso ukutani, na nilipopita na fagio nilijikuta nafagia kwa kunyata.

Siwezi kusema alikosea katika upigaji wake. Jumamosi moja ukumbini alipiga wimbo mzima kwa ngoma moja tu, mara kwa vijiti, mara kwa viganja, mara kwa ncha za vidole, na kati ya pigo na pigo akaacha nafasi. Watu waliokuwa wakicheza walisimama kusikiliza. Mpiga gitaa alinijia akifuta jasho, akasema, "Shemeji, mzee kafungua mlango ambao sisi hatukujua upo." Nilijivuna, ningekosaje kujivuna? Lakini nafasi zile zilinisikikia kama nyayo za mtu anayetembea ndani ya nyumba iliyohamwa.

Kisha akaja na ombi. "Mama watoto, leo jioni usishone."

Nilidhani ananihurumia, nikafurahi. Nikakaa mikono mapajani, nikamsikiliza akipiga upande wa pili wa ukuta. Alianza, akayumba, akaacha. Akaanza tena. Kesho yake akaniomba vilevile, na keshokutwa. Baadaye akawa anachukua sahani yake na kwenda kula chumba cha nyuma. Godoro nalo likamfuata. Eti nipate usingizi wa kutosha kabla ya hospitali. Tukikutana kwenye korido alinipisha vizuri kabisa, kwa adabu, kama mtu anavyopisha kabati. Nilianza kukohoa nikiwa peke yangu ili tu nisikie kuna mtu ndani ya nyumba.

Zilipobaki siku tatu niende kulazwa, nilirudi kutoka dukani kununua uzi, nikakuta chumba cha mbele ni kipana. Ilinichukua muda kuelewa kilichopungua. Pale ilipokuwa cherehani yangu palikuwa na alama nne za miguu yake sakafuni na vumbi lenye vipande vya nyuzi.

Sikuhitaji kuuliza iko wapi. Nilikwenda chumba cha nyuma nikausukuma mlango, kisha nikaufunga nikiwa ndani ili nione nyuma yake. Cherehani ilikuwa imesimama mwisho wa safu, baada ya toazi na ngoma, gurudumu lake limegusa ukuta. Kando yake kulikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, vijiti mkononi.

"Umeshanizika, baba watoto?"

"Sijakuzika. Najizoeza."

"Unajizoeza mimi kufa."

Hakukataa. Aliviangalia vijiti vyake. "Siku ile tulipotoka kwa daktari, nilipoteza mapigo jukwaani," alisema. "Mimi, Saa. Wenzangu walidhani nimelewa. Nilikuwa nausikiliza mguu wako kichwani, kama siku zote, nikawaza itakuwaje mguu huo ukisimama. Mikono ikaniganda. Nikaogopa, mama watoto. Nikasema lazima nijue kama naweza."

"Umeweza?"

Alivilaza vijiti mapajani.

"Jana," alisema. "Nilipiga mwanzo hadi mwisho, sikukosea hata mara moja. Nilipomaliza sikutaka kushika kijiti tena maishani."

Hasira zilinipanda zikakutana na machozi njiani. "Na mimi kitabu chako kinanizoeza nini? Mimi bado nipo. Nakohoa, napika, naogopa usiku kucha, na wewe umeshaanza kukaa bila mimi. Hizo siku zangu unazozifanyia mazoezi, nilizitaka."

Akainuka, akapiga magoti nyuma ya mlango, akaugeuza uso wa cherehani utazame chumba. Kiganja chake kilibaki juu ya gurudumu, likizunguka kidogo, likirudi.

"Hii iko mikononi mwangu," alisema. "Leo iko."

"Basi inyanyue. Mimi nimekatazwa vitu vizito."

Akacheka, na kicheko kile kilifanana sana na kwikwi.

Leo ni jioni ya mwisho kabla ya kwenda. Begi langu sikuliweka karibu na mlango ule. Liko juu ya kiti, mahali ninapoliona. Cherehani imerudi kwenye alama zake nne, nashona pindo la gauni nitakalovaa kesho, na mlango kati ya chumba changu na chake uko wazi. Toazi limebaki ukutani. Yeye ana ngoma moja tu mbele yake, ananifuata kanyago kwa kanyago, na nikimtupia jicho namkuta ananitazama.

Katikati ya pindo nikausimamisha mguu. Sikumwambia. Nilitaka kujua, na nilijichukia kwa kutaka.

Nyumba ilipoa. Pigo likaja, kisha nafasi, kisha pigo, sawasawa, bila haraka. Alijua nimenyamaza, machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Hivi ndivyo nyumba itakavyosikika.

Pindo lilikuwa bado halijaisha. Nikarudisha mguu kwenye kanyagio, nikamkuta palepale nilipomwacha.